Kwa Bi Clarie, Mtaa wa Farish: shajara ya safari ya Mississippi

Alhamisi. Atlanta hadi Montgomery

Wenzetu waliposikia tunakwenda Mississippi kwa likizo walicheka. "Dada, watu wanakwenda Florida kuota jua, nyie mnakwenda kutazama nyumba za mazishi?" Ndiyo, tunakwenda. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Georgia. Mtu wetu akifariki, ndiye mimi ninayepiga simu kuulizia bei ya jeneza, bei ya kuhifadhi maiti kwa dawa, bei ya kumsafirisha marehemu mpaka Tanga au Kilimanjaro. Katika shughuli hiyo nimejuana na Wamarekani Weusi wengi wanaoendesha nyumba za mazishi, na baadhi yao ni akina mama wa makamo ambao ukiwaona tu unanyoosha mgongo. Nikaanza kusoma habari za waliowatangulia. Ndipo nikakutana na jina la Clarie Collins Harvey wa Jackson, mji mkuu wa Mississippi, mwenye nyumba ya mazishi na mpigania haki za watu Weusi, na tangu hapo sina habari nyingine mdomoni. Shoga yangu, Mchagga wa Marangu, alichoka kunisikiliza akasema bora twende nikamalize hamu. Naendesha mimi, yeye ana ramani, karanga na maoni.

Kabla ya kuuacha mji tulipita nje ya Spelman, chuo cha wanawake Weusi ambako Bi Clarie alimaliza mwaka 1937. Baadaye alisomea kazi ya mazishi huko Indiana, kisha akachukua shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Nayataja haya mapema kwa sababu watu wengi, hata kwetu, wakisikia "mtu wa maiti" wanamwona mtu aliyekosa kazi nyingine. Huyu alikuwa na elimu ya kumpeleka popote, akarudi nyumbani kuzika watu.

Montgomery tumefika mchana. Kituo cha zamani cha mabasi ya Greyhound, Mtaa wa South Court, sasa ni jumba dogo la makumbusho. Dogo kweli, nusu saa umelimaliza, lakini bila hapa habari za Bi Clarie hazieleweki. Mwezi Mei 1961 vijana Weusi na Weupe waliamua kupanda mabasi ya masafa marefu pamoja, wakikaa viti vyovyote na kuingia vyumba vyovyote vya kusubiria, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua kwamba ubaguzi katika vituo hivyo ni haramu kwa wasafiri wanaovuka majimbo. Nitawaita Wasafiri wa Uhuru. Tarehe 14 Mei basi lao moja lilichomwa moto karibu na Anniston. Tarehe 20 walishuka hapa, mahali hasa niliposimama leo na chupa yangu ya maji, na kundi la watu likawapiga. John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge miaka mingi, alipasuliwa kichwa. Jim Zwerg, kijana Mweupe, alipigwa mpaka akazimia.

Siku nne baadaye mabasi mawili yalitoka Montgomery kwenda Jackson yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Ndani walikuwemo vijana 27. Walipofika Jackson hawakupigwa. Polisi waliwaonyesha mlango wa kuingilia kituoni, kisha mlango wa gari la kwendea jela.

Ijumaa. Barabara ya 80, kupitia Selma, mpaka Meridian

Selma tumevuka kwa miguu daraja ambako polisi waliwapiga waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura mwaka 1965, tumepiga picha, tumeondoka. Waliokwisha kuandika habari za daraja lile wanatosha.

Njia ni pamba, misonobari, makanisa, misonobari tena. Mwenzangu amelala. Alasiri tukaingia Meridian, mji wa reli, alikozaliwa Clarie tarehe 27 Novemba 1916. Baba yake, Malachi Collins, alijenga nyumba ya mazishi Jackson, na binti akakulia huko. Hapa Meridian sikutegemea kuona alama yake, na kweli sikuiona. Nilikuja kwa ajili ya kaburi la mtu mwingine.

Nje ya mji, kwenye kilima karibu na kanisa dogo la Okatibbee, amezikwa James Chaney. Aliuawa tarehe 21 Juni 1964 akiwa na umri wa miaka 21, pamoja na Michael Schwerner na Andrew Goodman, vijana Weupe kutoka New York, kwa kosa la kuwaandikisha watu Weusi wapige kura. Jiwe la kaburi lake limeshikiliwa kwa nyuma na vyuma vizito. Watu walikuwa wakija usiku kuliangusha. Mwenzangu alivigusa vile vyuma, akauliza kwa Kichagga kitu ambacho hakukitafsiri.

Kilichonileta pale ni jambo hili. Wazazi wa Schwerner walitaka mtoto wao azikwe kando ya Chaney. Haikuwezekana. Makaburi ya Mississippi yalitengwa kama shule na mabasi, na hakupatikana mwenye nyumba ya mazishi wa kuuvuka mstari ule. Waliouawa pamoja, na wauaji wao wakawafukia pamoja, walitenganishwa na mila za nchi walipokuja kuzikwa kwa heshima.

Sasa geuza jambo hilo upande wa pili. Kama Mweupe hamziki Mweusi, basi Mweusi atazikwa na nani? Na Mweusi mwenzake. Ubaguzi uleule ulioziba kila mlango uliacha biashara moja ambayo mshindani wa Kizungu hakuitaka, na ambayo mteja wake hakosi kuja. Na mteja alijiandaa mapema. Mpishi, mkulima wa mgao, mfua nguo, walitoa senti chache kila wiki kwa vyama vya kuzikana na bima za mazishi ili siku yao ikifika wasizikwe na serikali kama wasio na mtu. Mtu ambaye maisha yake yote alipita mlango wa nyuma, siku hiyo alivaa suti, akalala katika jeneza lenye kitambaa cha hariri, akatangulia mbele ya msafara wa magari. Sisi tulioshika madaftari ya michango ya msiba tunaijua hesabu hii bila kufundishwa. Baba yake Clarie alizika, na pia aliuza bima ya mazishi. Binti alirithi vyote viwili.

Jioni, hotelini, shoga yangu kaniuliza swali lililomkaa tangu Georgia. "Hivi hawa, kuosha maiti ni kazi ya kulipwa?" Kwetu Tanga mama akifa anaoshwa na wanawake wa nyumbani na jirani anayejua sheria zake, anakafiniwa, anaswaliwa, na kabla jua halijazama amekwisha kuzikwa. Kwao Marangu wanasubiri ndugu watoke Dar es Salaam, kuna mochwari, lakini shughuli bado ni ya ukoo na jirani. Hapa Marekani dawa za kuhifadhi maiti zilienea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1860, kwa sababu askari walikufa mbali na maiti zikasafirishwa kwa treni wakati wa joto. Mwili wa Rais Lincoln ulizungushwa miji mingi mwaka 1865, watu wakaona kwamba inawezekana. Kazi ya akina mama wa nyumbani ikawa fani, ikawa na vyeti, na wanaume wakaishika. Ndiyo maana mwanamke mwenye nyumba ya mazishi alikuwa adimu, ingawa hakukosekana. Philadelphia, mwaka 1858, Henrietta Duterte alifiwa na mumewe na kuichukua biashara yake ya mazishi. Inasimuliwa kwamba alisaidia kuwatorosha watumwa kwa kuwachanganya kwenye misafara ya mazishi na hata kuwalaza katika majeneza.

"Walikuwa hai ndani ya jeneza?" Hai kabisa, shoga. Akazima taa.

Jumamosi. Jackson

Tumefika saa tatu asubuhi, moja kwa moja Mtaa wa Farish.

Nisiupambe. Mtaa umechoka. Maduka yaliyofungwa, kuta zisizo na paa zikiotwa na miti ndani, uzio wa chuma, lami iliyotengenezwa vizuri mbele ya milango ambayo haifunguki. Mipango ya kuufufua imekuja na kwenda kwa miaka mingi. Zamani huu ulikuwa mji ndani ya mji: madaktari, mawakili, vinyozi, kumbi za muziki, washonaji, wapiga picha, wote Weusi. Palipokuwa na uhai leo ni Big Apple Inn, mgahawa mwembamba uliofunguliwa mwaka 1939, unaouza mkate wa sikio la nguruwe. Medgar Evers, kiongozi wa NAACP (chama cha kutetea haki za watu Weusi) Mississippi, alikuwa na ofisi ghorofa ya juu yake. Mimi na masikio ya nguruwe hatuna undugu, nikanywa soda. Shoga yangu alikula mawili akasema ni laini, haradali kali. Mzee aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni aligeuka: "Mmetoka wapi, mabinti?" Tanzania, mzee. "Mmekuja mbali kula sikio." Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya Bi Harvey wa Collins. Akavua kofia. Hakusema kitu, aliivua tu na kuivaa tena, halafu akaagiza chakula chake.

Collins Funeral Home, nyumba ya mazishi ya familia yake, iko mtaa huohuo. Hatukuingia, kuna watu wanakwenda pale kwa msiba wao, si mahali pa watalii. Tulisimama ng'ambo ya barabara.

Baba yake alipofariki mwaka 1939, Clarie alikuwa na miaka 22. Mwaka huohuo alikuwa amekwenda Amsterdam kwenye mkutano wa dunia wa vijana Wakristo. Akaishika biashara pamoja na mama yake, Mary. Ninapojaribu kuielewa nguvu yake, sianzii kwenye imani yake, ingawa ilikuwa kubwa. Naanzia kwenye mshahara: hakuna Mzungu aliyekuwa akimlipa. Baada ya Mahakama Kuu kupiga marufuku ubaguzi wa shule mwaka 1954, matajiri Weupe wa Mississippi waliunda Mabaraza ya Raia, yakianzia mji wa Indianola. Silaha yao kubwa ilikuwa uchumi. Mwalimu akijulikana ni mwanachama wa NAACP, anafutwa. Mkulima akijiandikisha kupiga kura, benki inadai mkopo wake kesho yake. Mfanyakazi wa ndani anaambiwa asirudi. Mwaka 1956 jimbo likaunda kabisa tume ya upelelezi, iliyokusanya majalada ya watu waliodai haki zao; majalada hayo yalifunguliwa kwa umma mwaka 1998.

Sasa nani atamfuta kazi mwenye nyumba ya mazishi ambaye wateja wake wote ni Weusi? Ana magari yake mwenyewe, makubwa, ambayo hakuna anayeshangaa kuyaona barabarani usiku. Ana simu isiyolala. Ana ukumbi. Ana fedha taslimu na nyumba za kuweka dhamana. Anazijua familia zote kwa majina mpaka babu, kwa sababu amewazikia. Na sehemu nyingi za Kusini gari la maiti lilikuwa pia ndiyo gari la wagonjwa la watu Weusi. Ukiuliza kwa nini wenye nyumba za mazishi wanatokea kila kona ya harakati zile, jibu liko kwenye daftari la hesabu.

Basi Mei 1961. Wale vijana 27 walipofikishwa mahakamani tarehe 26, Bi Clarie alikwenda kusikiliza. Wakili alipokuwa akiwatetea, hakimu James Spencer aligeuza kiti, akautazama ukuta. Alipomaliza akageuka na kuwatia hatiani: faini ya dola 200 na kifungo cha siku 60 kilichoahirishwa. Wengi walikataa kulipa, wakachagua jela. Watu waliokuwemo walisimulia sana kile kiti. Bi Clarie aliona kitu kingine. Aliona wasichana wanatetemeka, hawana sweta. Walikuwa wametoka safarini, wamelala jela, hawana nguo za kubadili.

Akatuma sweta. Jumapili kanisani akachangisha. Tarehe 29 Mei yeye na wenzake, akiwemo Aura Gary na Thelma Sanders, mwenye duka la nguo, wakaunda Womanpower Unlimited.

Mimi nimekaa katika vikao vya michango, najua ugumu wake si kupata watu wenye huruma. Huruma ni nyingi. Ugumu ni kujua nani ana taulo, nani ana kitanda kimoja cha ziada, nani atapika Jumanne, nani ana gari lenye mafuta. Wale wanawake walilijua hilo. Sabuni, miswaki, nguo za ndani, marashi, vitabu, stempu, shuka. Kadiri mabasi yalivyoendelea kuingia Jackson, mpaka mwisho wa kiangazi zaidi ya vijana 300 walikuwa wamekamatwa. Kila aliyeachiwa alihitaji mahali pa kuoga, chakula cha moto, kitanda cha usiku mmoja na nauli ya kurudi kwao. A.M.E. Logan, mama mwingine mwenye biashara yake, alikuwa mmoja wa nguzo. Wengine hawakutaka majina yao yajulikane, kwa sababu waume zao waliajiriwa na Weupe. Hao walipika na kutuma sufuria kwa mlango wa nyuma. Vijana wa Kizungu wa vyuo vya kaskazini, waliokuwa hawajawahi kula nyumbani kwa Mweusi, wakajikuta wamefunikwa blanketi na mama wa Kimethodisti wa Mississippi anayewauliza kama wamewaandikia wazazi wao.

Kundi halikuvunjika mabasi yalipokwisha. Liliandikisha wapiga kura, likaunga mkono mgomo wa kutonunua kwenye maduka ya Weupe ya Mtaa wa Capitol, likapeleka watoto kwenye shule zilizokuwa za Weupe pekee.

Mchana tumekwenda Jumba la Makumbusho la Haki za Raia, lililofunguliwa Desemba 2017. Katikati kuna sanamu kubwa ya taa inayoongezeka mwanga kadiri watu wanavyokusanyika chini yake. Kuna nguzo zenye majina ya waliouawa na makundi ya watu, mengi kiasi cha kukuzuia usisome hata moja mpaka mwisho. Kuna bunduki iliyomuua Medgar Evers. Sikupenda kusimama mbele yake. Shoga yangu alisimama muda mrefu. Kila mtu ana anachokitazama.

Jumapili. Jackson, kwa miguu

Asubuhi tulikwenda Central United Methodist, kanisa lake Bi Clarie, hatua chache kutoka Collins. Mimi Mwislamu nikakaa kiti cha nyuma na mtandio wangu. Bibi mmoja mwenye kofia ya zambarau alinisogezea kitabu cha nyimbo bila kuuliza chochote, akanionyesha ukurasa kwa kidole. Nilikitazama chombo cha sadaka kikipita, nikamfikiria Clarie akisimama mahali hapa, Mei 1961, akiomba fedha za miswaki na sabuni kwa ajili ya wafungwa. Wamethodisti wenyewe wakati huo walikuwa wamewatenga waumini Weusi katika jimbo la kanisa la peke yao, lililodumu tangu 1939 hadi 1968. Alipigana na nchi na kanisa lake kwa wakati mmoja, na hakuacha hata kimoja.

Baada ya ibada nikamwomba mwenzangu achukue gari, mimi nitembee. Nilitaka kupita njia ya jeneza.

Medgar Evers alipigwa risasi mgongoni usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1963, akishuka kwenye gari nyumbani kwake. Ibada ya mazishi ilikuwa tarehe 15 katika jengo la Masonic, Mtaa wa Lynch. (Wageni hushtuka kwa jina hilo. Ni jina la John R. Lynch, aliyezaliwa mtumwa na kuwa mbunge wa Mississippi baada ya vita.) Maelfu walikuja. Mji ulitoa ruhusa ya maandamano ya kimya kutoka pale mpaka Collins Funeral Home, ambako mwili ungesubiri kusafirishwa. Kimya. Hata nyimbo hazikuruhusiwa.

Nimetembea. Ni mwendo wa kutosha kulowesha nguo hata Oktoba. Wao walitembea kwenye joto la Juni wakiwa na suti nyeusi. Unapita chini ya reli, unaliona jumba la serikali ya jimbo kwa mbali, unaingia Farish. Walipofika mbele ya Collins, vijana wakaanza kuimba, kisha wakageuka kuelekea Mtaa wa Capitol, madukani kwa Weupe. Polisi wakaja na mbwa na virungu. Mawe na chupa zikaruka. John Doar, mwanasheria wa serikali kuu, alitembea katikati akipaza sauti awatulize, na umwagaji damu mkubwa ukaepukwa.

Yote hayo mbele ya mlango wa biashara ya Clarie, na ndani mwake yumo maiti, mjane anasubiriwa, na kuna treni ya kupanga. Wanahistoria huandika ya barabarani. Mimi nafikiria ya ndani: nani alifunga milango, nani aliwakalisha wafiwa, nani aliangalia saa. Medgar, aliyepigana vita kuu ya pili, alisafirishwa kwa treni kwenda Washington, akazikwa makaburi ya kitaifa ya Arlington tarehe 19 Juni.

Jioni tukaenda kwenye nyumba ya akina Evers, sasa ni mahali pa kumbukumbu ya taifa. Nyumba ndogo ya kawaida. Mlango hauko upande wa barabara. Uko ndani ya kibanda cha gari, walijenga hivyo kwa usalama. Jirani alikuwa akikata majani kwa mashine, akatupungia mkono. Na hapa ndipo nilipokumbuka jambo lililonifurahisha kuliko yote niliyosoma kumhusu Medgar: kabla ya NAACP alikuwa wakala wa bima, akiuza bima za kampuni ya daktari T.R.M. Howard huko Mound Bayou, nyumba kwa nyumba katika Delta, nyanda za pamba za kaskazini-magharibi mwa Mississippi. Akikusanya senti za watu maskini ndipo alipoona walivyokuwa wakiishi. Hata yeye alianzia kwenye daftari la michango.

Jumatatu. Kaskazini, Delta: Parchman na Tutwiler

Zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ya 49. Baada ya Yazoo City vilima vinaisha ghafla, na nchi inalala tambarare mpaka macho yanachoka. Pamba imekwisha kuvunwa, nyuzi zake nyeupe zimetapakaa pembezoni mwa barabara.

Njiani nilimsimulia mwenzangu yaliyobaki. Kwamba Clarie aliolewa mwaka 1943 na Martin Harvey, aliyekuwa mlezi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern huko Baton Rouge, Louisiana, na yeye hakuiacha biashara yake Jackson.

"Mume Louisiana, mke Mississippi?"

Miaka yote hiyo.

"Na hawakusemwa?"

Watu wasiseme, shoga, ni watu gani hao? Lakini ndoa ilidumu mpaka kifo cha mume. Mwaka 1962 alikwenda Geneva na kundi la wanawake wa amani, pamoja na Coretta Scott King, kuzitaka nchi zenye mabomu ya nyuklia ziache majaribio. Mwaka huohuo akaenda Accra kwenye mkutano wa dunia isiyo na bomu. Mtu wa Mississippi ambaye kituo cha basi cha mji wake kilikuwa bado kina vyumba viwili vya kusubiria, yuko Ghana ya Nkrumah anajadili silaha za Moscow na Washington. Mwaka 1971 akawa rais wa Church Women United, umoja wa wanawake wa makanisa wa nchi nzima, Mweusi wa kwanza kushika kiti hicho.

Parchman huwezi kuingia, na sikutaka. Lango, jina kwa herufi kubwa, mashamba pande zote. Mwezi Juni 1961 serikali ya jimbo ilianza kuwahamishia Wasafiri wa Uhuru hapa, jela la shamba lenye sifa mbaya kuliko yote Kusini. Waliimba, walinzi wakawanyang'anya magodoro. Waliimba tena, wakanyang'anywa miswaki. Mkakati wao ulikuwa wa hesabu: kata rufaa kabla siku 40 hazijaisha, basi unakaa siku 39, unawajaza jela, kisha unatoka kwa dhamana ya dola 500. Kwa hiyo kila wiki walitoka vijana wachafu, wamekonda, wengine wakiwa na umri wa miaka 19, na mtu wa kuwapokea Jackson alikuwa mama mwenye karai la maji ya moto. Nimeitazama njia ile kutoka langoni kwenda kusini. Ni ndefu na haina kivuli.

Tukaendelea kidogo mpaka Tutwiler, mji wa watu wachache. Kuna kibao kwenye jengo lililobomoka: nyumba ya mazishi ambako mwili wa Emmett Till, mtoto Mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, ulihifadhiwa kwa dawa mwaka 1955. Aliuawa na Weupe mwezi Agosti, akatupwa mtoni. Aliyeitwa kumtoa kando ya mto alikuwa mzishi Mweusi, Chester Miller wa Greenwood. Mkuu wa polisi alitaka azikwe siku ileile Mississippi, na kaburi lilikwisha kuchimbwa. Ndugu wakakataa. Mwili ukapelekwa Chicago kwa treni, sanduku likiwa limefungwa kwa masharti lisifunguliwe. Mama yake, Mamie, akasema litafunguliwa. Mwenye nyumba ya mazishi A.A. Rayner akalifungua, na maelfu kwa maelfu wakapita mbele ya uso ule. Bila mtu wa mazishi aliye upande wako, ushahidi unafukiwa kabla ya jua kuzama. Hilo mimi, ninayetoka watu wanaofanya haraka kuzika na kuamini ni heri, limenikalisha kimya kidogo.

Bi Clarie alifariki Mei 1995. Mwaka mmoja kabla, Februari 1994, alikuwa hai Byron De La Beckwith alipotiwa hatiani kwa kumuua Medgar Evers, miaka zaidi ya 30 baada ya jeneza kuingia mlangoni kwake.

Tumekaa kwenye gari, madirisha wazi, tukila karanga za mwisho. Saa moja na nusu kufika Memphis, huko kuna kambare wa kukaanga anayetusubiri.

"Huyu bibi," mwenzangu kasema, "angekuwa kwetu wangempa uenyekiti wa kila kitu, halafu wangemlalamikia."

Nikamwambia, walimpa. Na kulalamika, nina hakika, walilalamika.